Kusoma na Kupika kwa Miradi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kudumisha Furaha Katika Siku Zinazofanana

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu ambao hawana balaa lolote la kusimulia, ila siku zao zimeanza kufanana mno: kuamka, kazi, chakula, usingizi, na kesho yake vivyo hivyo. Hayaahidi kugeuza maisha ya mtu. Yanaeleza namna vitu viwili ambavyo kwa kawaida vimo nyumbani tayari, kitabu na jiko, vinavyoweza kupangwa ili wiki iwe na jambo la kungojewa.

Mradi wa kusoma au wa kupika ni nini, na unatofautianaje na kusoma au kupika kwa kawaida?

Mradi ni kazi yenye mwanzo unaojulikana, mwisho unaoonekana, na jambo moja ambalo mtu anataka awe amelijua au ameliweza atakapofika mwisho huo. Kusoma riwaya yoyote kabla ya kulala ni kusoma. Kusoma riwaya tatu za mwandishi mmoja kwa kufuata mpangilio wa miaka aliyoziandika, ili uone kalamu yake ilivyokomaa, ni mradi. Vivyo hivyo, kupika supu ya maharage kwa sababu maharage yamo kabatini ni kupika, lakini kuipika supu hiyohiyo mara moja kwa wiki kwa mwezi mzima, kila mara ukibadilisha kitu kimoja tu, mpaka uweze kuipata ladha unayoitaka bila kutazama maelekezo, ni mradi.

Tofauti hii ndiyo inayobeba majibu yote yanayofuata. Watu wengi wanaoshauriwa watafute jambo la kujifurahisha hujiongezea wajibu mwingine usio na mwisho, na wajibu usio na mwisho huchosha hata ukiwa mtamu. Kinachochangamsha ni kuwa na mahali pa kufika, kisha kufika kweli.

Kwa nini siku zinazofanana hupunguza furaha hata pale ambapo hakuna kilichoharibika?

Ni kwa sababu binadamu huzoea. Wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell walieleza mwaka 1971 kwamba mtu akipata jambo jema hufurahi kwa muda, kisha jambo hilo linageuka kuwa hali ya kawaida na furaha yake inarudi karibu na pale ilipokuwa. Mwaka 1978 Brickman na wenzake walichapisha utafiti mdogo uliolinganisha washindi wa bahati nasibu na watu wa kawaida. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa namna ya maana. Isitoshe, walieleza kwamba wanapata raha ndogo zaidi katika mambo madogo ya kila siku. Miongoni mwa mambo waliyoulizwa yalikuwamo kula kifungua kinywa na kusoma jarida, na ndiyo sababu utafiti huo unastahili kutajwa hapa: bahati kubwa ilikuwa imezifunika raha ndogondogo zilezile zinazozungumzwa katika ukurasa huu.

Hata hivyo ratiba yenyewe si adui. Mtu anayejua ataamka saa ngapi na atakula saa ngapi hahitaji kuamua kila kitu upya, na nguvu anazookoa anaweza kuzitumia kwa jambo jingine. Tatizo hutokea pale ambapo nguvu hizo hazina pa kwenda.

Kwa nini kusoma na kupika, na si shughuli nyingine?

Shughuli nyingine zinafaa pia, na mwenye bustani au gitaa hana haja ya kuliacha. Lakini kusoma na kupika vina faida ya kukamilishana kwa muda. Kitabu hulipa polepole. Huenda wiki nzima ikapita kabla hujaelewa kwa nini sura ya kwanza iliandikwa vile ilivyoandikwa. Chakula hulipa jioni hiyohiyo. Mtu mwenye miradi yote miwili hakosi kitu cha karibu wala kitu cha mbali cha kutazamia.

Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia aliyechunguza kwa miaka mingi hali ya mtu kuzama katika kazi hadi akasahau saa, alitaja masharti yanayojirudia: lengo liwe wazi, mtu apate kujua papo hapo kama anaendelea vizuri, na ugumu wa kazi ulingane na uwezo wake. Jiko hutimiza sharti la pili kuliko mahali pengi. Mafuta yakipoa sauti yake hubadilika, kitunguu kikianza kuungua pua hujua kabla ya macho, na chumvi ikipungua ulimi hausubiri tathmini ya mwisho wa mwaka. Kitabu, kwa upande wake, hutimiza sharti la tatu, kwa maana vitabu vipo vya kila kiwango cha ugumu, na msomaji anaweza kupanda ngazi kwa kasi anayoitaka.

Tayari ninapika kila siku na nimechoka na jiko. Itakuwaje jiko hilohilo linifurahishe?

Swali hili ni la haki, na jibu lake halianzi na kupika zaidi. Anayelisha watu kila siku amebeba kazi ya kweli, na kumwambia aifurahie ni kumdhihaki. Ushauri unaofaa ni kutenganisha upishi wa wajibu na upishi wa mradi. Upishi wa wajibu urahisishwe kadiri inavyowezekana: vyakula vichache vinavyojirudia, sufuria moja, kiasi kinachotosha milo miwili, na wenzako nyumbani wachukue zamu zao. Kisha muda uliookolewa, hata kama ni jioni moja tu kwa wiki, uwe wa mradi, na siku hiyo mpishi ndiye anayeamua kinachopikwa.

Kwa kuwa kupika kwa milo miwili kunahusu pia usalama, ni vyema kukumbuka mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, kihifadhiwe katika ubaridi ulio chini ya nyuzi joto 5, na kinapopashwa moto kifikie angalau nyuzi 70 hadi ndani.

Nianze na mradi gani wa kupika?

Anza na kitu kimoja ambacho huwa unakila na ambacho hujawahi kukielewa. Mkate ni mfano mzuri kwa mwenye oveni, kwa sababu una viungo vichache sana na bado haumalizi siri zake. Chukua gramu 500 za unga wa ngano, gramu 325 za maji ya uvuguvugu, gramu 10 za chumvi na gramu 5 za hamira kavu. Waokaji huhesabu kila kiungo kwa asilimia ya uzito wa unga, kwa hiyo mkate huu una maji asilimia 65, chumvi asilimia 2 na hamira asilimia 1. Ukishazizoea hesabu hizo, unaweza kuutazama mkate wowote na kuelewa kwa nini umekuwa hivyo. Kanda mpaka unga uwe laini na uvutike bila kukatika, uache uumuke hadi ukaribie kuwa maradufu, uumbe, uuache uumuke tena kidogo, kisha uoke kwa joto la takriban nyuzi 220 kwa dakika 35 hadi 40.

Wiki ya kwanza oka hivyo hivyo. Wiki ya pili ongeza maji yafike gramu 350 usibadilishe kingine, na utaona unga unavyong'ang'ania vidole na jinsi matundu ya ndani yanavyokuwa makubwa. Wiki ya tatu punguza hamira na uuache unga kwenye friji usiku kucha. Baridi huipunguza kasi hamira bila kuiua, na ule muda mrefu huleta ladha ambayo haipatikani kwa haraka. Wiki ya nne badilisha gramu 100 za unga mweupe kwa unga usiokobolewa. Mikate minne, swali moja kila mara. Hamira ni viumbe hai, na maji yanayokaribia nyuzi 60 huiua. Jambo hilo peke yake hueleza mikate mingi iliyokataa kuumuka na kusingiziwa unga mbovu.

Asiye na oveni, au asiye na subira ya mkate, achukue vitunguu. Kata kilo moja ya vitunguu kwa vipande vyembamba, weka mafuta kidogo katika kikaango kipana, tia chumvi, na uviache juu ya moto mdogo. Kwa muda mrefu hakutatokea jambo la maana: vitatoa maji, vitalegea, vitang'aa, na sufuria iliyojaa itashuka hadi chini ya nusu. Maadamu maji yamo, joto haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100, na rangi ya kahawia haiji. Maji yakiisha ndipo mabadiliko yanapoanza, kwa sababu mmenyuko uliochunguzwa na mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, ule unaozipa nyama iliyokaangwa na maganda ya mkate harufu yake, hushika kasi kwenye nyuzi 140 na kuendelea. Hapo ndipo panahitaji uangalizi: kila utando wa kahawia unaposhika chini, mimina kijiko cha maji, ukwangue kwa mwiko, uurudishe kwenye vitunguu. Baada ya dakika 45 au zaidi utapata konzi mbili za kitu kizito, kitamu, cha rangi ya kahawia iliyoiva, kinachofaa kutiwa karibu kila kitu. Asiyewahi kuvipika hivyo hushangaa kwamba hakuna sukari iliyoongezwa.

Mradi wa kusoma unachaguliwaje?

Uchaguliwe kutokana na swali, na usichaguliwe kutokana na aibu. Orodha nyingi za vitabu ambavyo kila mtu hupaswa kuvisoma hutungwa kwa ajili ya kujionyesha, na msomaji aliyechoka na kazi huzifungua kama anayefungua barua ya deni. Afadhali ajiulize ni jambo gani limekuwa likimpitia akilini mara kwa mara: kwa nini bahari huwa na chumvi, namna mji wake ulivyokuja kujengwa pale ulipo, watu wa zamani walivyougua na kutibiwa. Vitabu viwili au vitatu vinavyolizungukia swali moja hufanya mradi kamili, hasa vikiwa vya aina tofauti, kwa mfano kitabu kimoja cha historia, riwaya moja ya kipindi hichohicho, na wasifu wa mtu aliyeishi wakati huo. Kitabu cha pili husomeka kwa urahisi zaidi kuliko cha kwanza, maana majina na mahali vimekuwa vya kawaida kwako, na cha tatu huanza kubishana na vile viwili. Ubishi huo ndio utamu wenyewe.

Mradi mwingine unaofaa sana kwa wenye muda mfupi ni mashairi. Shairi moja kwa juma, lisomwe kwa sauti kila siku, likaririwe bila kulazimishwa. Siku ya kwanza utasikia mizani na vina. Kufikia siku ya nne utagundua kwamba kuna mshororo uliokuwa ukiupita kila mara bila kuusikia.

Sina muda. Nifanyeje?

Kurasa 10 kwa siku ni kurasa 300 kwa mwezi, yaani kitabu kimoja cha unene wa kawaida, na watu wengi husoma kurasa 10 kwa muda usiozidi nusu saa. Tatizo mara nyingi ni kwamba nusu saa hiyo haijapewa mahali pake, hivyo inaliwa na simu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu akipanga kwa kauli iliyo wazi, kwamba jambo fulani likitokea nitafanya hili, hutekeleza azma yake zaidi ya yule aliyesema tu kwamba atajitahidi. Kwa hiyo usijiahidi kwamba utasoma zaidi. Sema: nikishaosha vyombo vya jioni, nitaketi kwenye kiti kile na kufungua kitabu. Kitabu kiwe tayari kitini, na simu iwe chumba kingine.

Je, ni lazima nimalize kila kitabu ninachokianza?

La. Kipe kurasa 50, na kama bado kinakuchosha, kiache bila kujitetea kwa mtu yeyote. Isipokuwa ukiwa umekichagua kwa sababu ni kigumu. Hapo kuchoka ni sehemu ya makubaliano, na kurasa 50 hazitoshi kuamua.

Kusikiliza kitabu kilichorekodiwa kunahesabika kuwa kusoma?

Kunahesabika, na kwa mpishi ni neema, kwa kuwa mikono iko kazini na masikio hayana kazi. Riwaya na wasifu husikilizika vizuri. Vitabu vya hoja nzito vinavyomlazimu mtu kurudi nyuma ukurasa mmoja ni afadhali visomwe kwa macho.

Nikiharibu chakula cha mradi, si nitazidi kuvunjika moyo?

Utavunjika moyo ikiwa chakula hicho ndicho mlo pekee wa jioni na watu wanakungoja na njaa. Kwa hiyo usiupange mradi wako siku kama hiyo. Upange siku ambayo kuna kitu kingine cha kula, na upike kiasi kidogo. Baada ya hapo, chakula kilichoharibika kina faida ambayo chakula kilichofaulu hakina, kwani kinakuambia mpaka uko wapi: sasa unajua chumvi ngapi ni nyingi na moto gani ni mkali. Andika jambo hilo kwa sentensi moja kabla hujasahau. Chakula kilichofaulu kwa bahati bila kuandikwa hakirudiwi kirahisi.

Je, nijiwekee idadi ya vitabu vya kumaliza kwa mwaka?

Idadi huwafaa watu wachache wanaopenda mashindano. Kwa wengine huwafanya wachague vitabu vyembamba na kuviparamia, na ikifika mwezi wa kumi kusoma kumekuwa deni. Kama unapenda kupima, pima maswali uliyoyafuatilia hadi mwisho.

Inawezekana kuuunganisha mradi wa kusoma na wa kupika?

Inawezekana, na kuna namna mbili. Ya kwanza ni kusoma kitabu cha mapishi kama kinavyosomwa kitabu kingine chochote, kutoka utangulizi hadi mwisho, mbali na jiko. Vitabu bora vya aina hiyo vina hoja: mwandishi anaamini jambo fulani kuhusu moto, au kuhusu uchache, na maelekezo yote yanatokana na imani hiyo. Ukiisha kuielewa, huhitaji tena kuyafuata maelekezo neno kwa neno.

Namna ya pili ni ya vitendo zaidi. Maharage makavu yaliyolowekwa huchemka kwa saa moja au zaidi, mchuzi wa mifupa kwa saa kadhaa, na unga ulioumuliwa hauhitaji mtu kuusimamia. Vyakula hivi humpa mpishi muda usioweza kutumiwa kwa jambo kubwa, kwa sababu hawezi kutoka nyumbani, ila unatosha kabisa kwa sura moja. Weka kengele ya saa, usije ukanogewa na hadithi hadi sufuria ikaungua.

Wenzangu nyumbani hawavutiwi na miradi hii. Niwashirikishe vipi?

Usiwashirikishe kwa hotuba. Waulize swali dogo lenye majibu mawili, kwa mfano mkate upi kati ya hii miwili ni bora, na uyakubali majibu yao. Watoto hupenda zaidi kupewa kazi halisi, kama kupima unga kwenye mizani, kuliko kuitwa watazame. Asiyetaka kabisa aachwe. Si kila furaha ya mtu mmoja lazima iwe ya nyumba nzima.

Itachukua muda gani hadi mambo haya yawe mazoea?

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya madogo. Wastani ulikuwa takriban siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. La kutia moyo ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mwendo kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo ukikosa jana, soma leo, na usijaribu kufidia kwa kurasa 20.

Je, miradi hii inaweza kutibu huzuni kubwa au sonona?

Haichukui nafasi ya matibabu. Ni kweli kwamba kuna tiba ya kisaikolojia, iliyotokana kwa sehemu na kazi ya Peter Lewinsohn katika miaka ya 1970, ambayo humsaidia mgonjwa kurudisha hatua kwa hatua shughuli zenye maana na raha katika ratiba yake, na upishi au usomaji unaweza kuwamo. Lakini tiba hiyo hufanywa pamoja na mtaalamu. Ikiwa huzuni au kutofurahia chochote kumedumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, ikiwa usingizi na hamu ya kula vimevurugika, au ikiwa mawazo ya kujidhuru yamekuja, muone mhudumu wa afya kwanza, na kwa mawazo ya kujidhuru usingoje hata siku moja. Vitabu vitakungoja.

Nitunze kumbukumbu za miradi yangu?

Ndiyo, lakini kwa uchache. Daftari moja linatosha kwa yote mawili: upande mmoja ulichopika, ulichobadilisha na kilichotokea, upande mwingine sentensi moja uliyoipenda katika kitabu na swali moja lililobaki. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer, waliochambua kumbukumbu za kila siku za wafanyakazi wengi, walikuta kwamba siku njema kazini zilihusiana zaidi na kupiga hatua, hata ndogo, katika kazi yenye maana. Hatua ndogo isiyoandikwa husahaulika, na ikisahaulika mtu hudhani wiki yake ilikuwa tupu. Picha za chakula si mbaya, ila hazielezi kwa nini mara hii kilifaulu.

Mradi ukiisha, niingie mwingine mara moja?

Acha siku kadhaa zipite. Kula ulichokijua kukipika bila kukibadilisha chochote, na usome kitu chepesi kisicho na mpango. Kisha fungua daftari, utazame maswali yaliyobaki, na uchague moja; kama mradi uliokwisha ulikuwa wa kitabu kizito, unaofuata uwe wa jikoni, na kinyume chake. Ukikuta kwamba hakuna swali lililobaki, muombe mtu unayemwamini akuazime kitabu anachokipenda ambacho wewe usingekichagua, na umpelekee kitu ulichokipika siku ya kukirudisha.